Kahawa ya Theuri na Maganda ya Mayai

Kahawa ya kwanza maishani mwake, Hezekiah Theuri aliinywa akiwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja upande wa Kiganjo. Aliigugumia upesi, ikamchoma ulimi, lakini hakuthubutu hata kuguna kwa kuwa bwana alikuwa sebuleni.

Aliyemfundisha kuipika ni mama mzazi wa bwana huyo, bibi kizee aliyetoka nchi za theluji. Kwao, maganda ya mayai yalioshwa, yakakaushwa na kupondwa, kisha yakachanganywa na kahawa iliyosagwa pamoja na chembe za chumvi. Sufuria ilibandikwa motoni, na ilipotaka tu kuchemka, iliepuliwa na kumwagiwa maji baridi. Machicha yote yalizama, yakaushika uchungu huko chini. Iliyobaki juu ilishuka kooni bila kukwaruza.

Uhuru ulipokuja, mlowezi akauza shamba, akaenda zake. Theuri akarudi kwenye mteremko wao ng'ambo ya Skuta, akapanda kahawa, mmea ambao baba yake alikatazwa kuugusa ila kwa kumchumia mwingine. Miti ikazaa vizuri. Lakini mteremko mzima ulikunywa chai. Kahawa ilichumwa, ikabebwa mgongoni hadi kiwanda cha chama cha ushirika, ikapotelea huko. Watu walizeeka wakiilima, wasijue ladha yake.

"Hiyo ni dawa," mkewe Wacera alisema. "Walinionjesha misheni, nikatema."

"Hawakujua kuipika, Mama Wamae. Mimi nataka kitu moja tu. Siku moja tukae kwa viti yetu, tunywe kahawa ya shamba yetu, mlango ikiwa wazi."

"Wenye chama wakikunywa wasife, na mimi nitakunywa."

Theuri akalichukua neno hilo kama ahadi. Msimu ulipokwisha aliokota mbuni, yaani zile kahawa zilizokauka na maganda yake chini ya miti. Akazitwanga, akazipepeta, akazikaanga kwenye kigae huku Wacera akilalamikia moshi, kisha akazisaga kwenye kinu. Siku ya mkutano wa chama alifika kiwandani na kopo la kahawa, sufuria na vikombe, akawasha moto kando ya uwanja kabla watu hawajaketi.

Jirani yake Kahiga akachungulia. "Theuri, hii ni kahawa ama ni supu ya kuku? Mimi naona maganda."

"Kuku amebaki nyumbani. Kunywa."

"Haya. Nikianguka, ng'ombe yangu isiende kwa shemeji!"

Watu wakacheka. Kahiga akanywa kidogo, akalamba midomo, akanywa tena. Wengine wakaanza kusogea.

Ndipo mwenyekiti akafika. Mutahi alikuwa mtu wa suti na fimbo ya kung'aa. Wakati wa Hali ya Hatari alibeba bunduki ya serikali ya Mzungu akiwachunga wenzake kama mbuzi. Siku hizi alimwita kila mtu ndugu. Theuri alikuwa amelelewa kuheshimu wakubwa. Akammiminia kikombe kilichojaa, akampa kwa mikono miwili.

Mutahi akanywa, akafumba macho. "Mzee Theuri, hii haina uchungu hata kidogo! Ulinunua kwa duka ya Arvind?"

Angejibu ndiyo tu, mambo yangeishia hapo. Lakini jibu lake alikuwa amelibeba tangu siku zile za nyuma ya mlango.

"Sikununua, mwenyekiti. Ni ya miti yangu. Nimekaanga na mkono yangu mwenyewe."

Mutahi akamaliza kikombe, hakuacha hata tone, akapangusa midomo kwa leso, kisha akamwita askari wa kiwanda.

"Kahawa yote ni ya kuletwa hapa. Mwenye kuikaanga kwake ni mwizi."

"Mwizi wa nani? Miti si ni yangu?"

"Sheria ni sheria, mzee wangu."

"Hiyo sheria ni ya Mzungu!"

"Ilikuwa ya Mzungu. Sasa ni yetu. Si ndiyo Uhuru?"

Wengine wakacheka, wale wale waliokuwa wakipuliza vikombe vyao. Kahiga alikitazama chake, akageuka kando, akakimwaga kwenye nyasi. Pingu zilikuwa baridi mikononi mwa Theuri, lakini kilichomchoma ni kile kikombe kilichomwagwa.

Kopo la kahawa lilichukuliwa na Mutahi ati kama ushahidi. Mahakamani halikuonekana. Theuri alipotoka kifungoni alikuta chama kimekataa mavuno yake, na kahawa nyekundu, tamu kwa nyuki, zikioza chini ya miti. Wacera alikuwa akizizoa kwa jembe kama samadi.

Alasiri moja ya mvua dereva wa Mutahi akaja, akasimama mlangoni akidondosha maji.

"Mwenyekiti ako na wageni wakubwa. Anauliza, yale maganda huwekwa mbele ya chumvi ama nyuma?"

Theuri alitazama moto. Wacera ndiye aliyejibu.

"Mwambie asijisumbue na maganda. Achemshe tu. Achemshe mpaka ilie, asiitoe kwa moto haraka."

"Asante sana, mama."

Dereva aliposhuka mteremko, Wacera akaingia ghalani, akapenyeza mkono chini ya mahindi, akatoa mfuko mdogo wa mbuni. Kutoka kwenye kibuyu akamimina maganda ya mayai, tayari yamepondwa.

"Baba Wamae, pika," akasema. "Mvua itaficha harufu. Lakini funga mlango kwanza."

Theuri akaufunga, akatia na komeo.

Wacera aliketi kwenye kigoda, akanywa, akamtazama mumewe kwa mshangao, akanywa tena. "Kumbe ni hii," akasema polepole. "Kumbe ni hii tunawapelekea." Akanyoosha kikombe aongezewe.

Theuri akammiminia. Chake alikuwa amekwisha kukigugumia upesi, kikamchoma ulimi. Kiti chake kilikuwa kitupu karibu na moto. Mwenyewe alisimama nyuma ya mlango, akitega sikio kama kuna nyayo njiani.