Intaneti ya Kupitia Zizini

Nilipomjengea mama nyumba ya mawe pale Manyatta, sikumwomba mtu mchango. Nilikuwa nimerudi kutoka Doha na diploma yangu ya umeme, na kila waya ulio ndani ya kuta zile niliulaza kwa mikono yangu. Nikaleta intaneti, ruta nikaiweka sebuleni juu ya kabati la vikombe vya wageni. Mama alikuja, akasifu, akarudi jikoni kwake.

Jiko hilo liko upande wa pili wa ua: kuta za mabati, mawe matatu ya moto, viti vifupi. Ndimo tulimolelewa. Ndimo baba alimowasha balbu yetu ya kwanza siku stima ilipofika kijijini. Aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena, hadi mama akamwambia aache kuichosha. Jioni hiyo tuliona kwa mara ya kwanza jinsi moshi ulivyokuwa umelipaka paa letu weusi, tukacheka mpaka uji ukafurika. Baba hayupo tena. Mita yake ingali ukutani.

Kisha dada yangu, anayeishi na mumewe ng'ambo, akajifungua binti wa pili. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mamake mume, wa pili la mamake mke. Mtoto huyo basi alikuwa mama yangu mwenyewe, amerudi mchanga. Mama alitaka amwone kwenye simu Jumapili, akiwa na wanawake wenzake, uji ukiwa motoni.

"Mkae sebuleni," nikamwambia. "Kuna televisheni kubwa."

"Baba," akaniita hivyo, maana nina jina la babake, "mtoto hapokewi sebuleni kama chifu. Anapokewa jikoni."

"Jikoni hakuna mtandao."

"Na ile diploma uliyotuonyesha kanisani ni ya kazi gani?"

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni waifai. Nilitembea na simu kutoka sebuleni, na uani ilishika vizuri. Nilipoingia jikoni ikapotea, kwa sababu mabati huyazuia mawimbi kama yanavyoizuia mvua. Njia ya pili ni vifaa viwili nilivyokuwa nimebeba kwenye sanduku. Kimoja unakichomeka kwenye soketi iliyo karibu na ruta, kingine kwenye soketi ya mbali, na intaneti inasafiri ndani ya waya za stima. Doha niliviweka katika majumba ya matajiri. Nikachomeka kimoja sebuleni na kingine jikoni, lakini havikuonana.

Nilijua sababu papo hapo, bila kumwuliza mtu. Jiko linatumia mita ya baba, nyumba ya mawe inatumia yangu, na vifaa hivyo havionani vikiwa kwenye mita mbili tofauti. Dawa ilikuwa kuing'oa ile ya zamani na kuliunganisha jiko na nyumba.

"Mita ya baba yako utaigusa nikishazikwa," mama alisema, akaendelea kumenya viazi.

Alipomaliza, alisukuma kidirisha cha mbao kinachotazama zizini, akamtupia ng'ombe maganda. Nikayafuata kwa macho, na pale nguzoni nikaiona soketi ya mashine ya kukatia majani. Hiyo niliivuta mimi mwenyewe kutoka nyumba ya mawe, kwa kuwa waya wa baba usingeiweza mota. Nikakihamishia kifaa cha pili pale. Kifaa hicho kina waifai yake, na kidirisha kikiwa wazi, simu ya mama ikashika mtandao kando ya moto. Nimefanya kazi na mafundi wengi, huku na ng'ambo, na sijaona ambaye angewaza hivyo.

Jumapili wanawake walikuja na kuni na unga wa uji. Mtoto akatokea kwenye simu, analia.

"Ni wewe kabisa," shangazi akamwambia mama. "Hata paji la uso."

"Hata kelele!" mwingine akadakia.

Ghafla picha ikaganda. Kaka yangu mkubwa alikuwa amewasha mashine zizini, na mota ikavuruga waya.

"Zima hiyo kitu!" mama akapaza sauti.

"Ng'ombe ana njaa, mama!"

"Angoje! Mimi nazaliwa hapa!"

Ng'ombe hakukubali kungoja. Basi nikaizima mashine, nikavua koti, nikachukua panga na gogo, nikaanza kukata majani kama baba alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Mkono haukuwa umesahau. Kutoka kidirishani nilisikia vicheko, nikanusa moshi, nikaiona balbu ya baba ikiwaka juu ya vilemba vyao. Picha ilikuwa imerudi.

Mama akaja kidirishani, akaigeuza simu kunielekea.

"Mwone," akamwambia mtoto. "Yule pale ndiye baba yetu."

Nikanyoosha mgongo, panga mkononi, ili anione vizuri.