Mwaka Korongo Walipogoma Kuondoka

Nyumbani kwetu Itaka, maharage ya awamu ya pili hayapandwi mpaka korongo weupe waondoke. Huja na mvua, hutembea mashambani wakiokota panzi, na mwezi wa tatu, baridi ya Ulaya ikianza kupungua, hujikusanya na kurudi huko. Mama ndiye aliyekuwa akitutangazia siku hiyo.

Mwaka juzi nikawa nampigia simu kutoka dukani kwangu Tunduma, nauliza kama ameshapanda. "Bado wapo," ananijibu. Wiki ikapita, bado wapo. Majirani wakapanda, wakapalilia, mama ametulia tu na mbegu zake. Nikaamua kwenda kuwaona hao korongo wakaidi. Nikakuta mifuko mitupu ya mbolea, myeupe, ambayo jirani aliitundika kwenye nguzo za shamba lake kufukuza ngedere.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama naye akacheka, kisha akaniuliza, mifuko ipi, na hapo ndipo nilipoogopa. Tangu lini alikuwa haoni? Kila tulipomuuliza habari za macho alisema anaona vizuri, nasi tukaridhika, maana jikoni na shambani alipita kwa mazoea.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji aliukataa katakata, hadi jirani yule yule alipojitolea kuja kumwambia siku ya kupanda kila mwaka. Hilo lilimuudhi kuliko kisu. Akakubali. Bandeji ilipofunguliwa daktari alimuuliza anaonaje, akajibu anaona vizuri. Dada zangu walipiga vigelegele. Mimi sikumwamini hata kidogo; jibu hilo hilo lilishatudanganya, na nilikuwa na hasira zangu.

Mwezi wa tatu uliofuata nikampeleka hifadhini, huko bondeni upande wa Ziwa Rukwa, ambako korongo hukutana kabla ya safari. Askari wa hifadhi akatuonyesha pa kukaa, akamwazima mama darubini. Mama aliipakata kama mjukuu, wala hakuitumia. Jua lilipopanda, ndege wakaanza kuinuka, wakizunguka juu na juu zaidi bila kupiga mabawa. Makusudi sikumsaidia hata kwa kidole, nione kama kweli anaona.

"Miguu yao myekundu," akasema mama taratibu. "Nilishasahau."

Akawasindikiza kwa macho mpaka mimi nikawapoteza, yeye bado anasema wale pale, wale pale. Hapo nikaamini, nikafurahi. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu, akagusa nywele zilizochomoza chini ya kitambaa changu cha kichwa.

"Na wewe mwanangu, mvi hizi zimeanza lini?"

Nikamwambia ni za siku nyingi, huku nalia. Akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga, anitazame.