Kikokotoo Kilichoua Mwani

Juzi, katika ofisi moja ya Raskazone, mama mkulima wa mwani alikaa ukingoni mwa kiti akipindapinda ncha ya leso. Afisa aliingiza kilo za mavuno ya kila mwezi kwenye kikokotoo, akakiacha kichore grafu chenyewe. Mstari ukaporomoka toka juu ya kioo hadi chini.

"Mama, mwani wenu unakufa. Mradi tunaufunga," akasema, akivuta fomu.

"Baba wee! Toka kilo arobaini na moja hadi thelathini na tisa, ndo kufa?"

"Mashine haidanganyi."

Mimi, niliyekuwa nikisubiri zamu yangu pale, nikashindwa kunyamaza. "Shikamoo, mzee. Kikokotoo kimeweka thelathini na tisa chini kabisa ya grafu. Ianzie sifuri."

Akabonyeza, mstari ukalala kama mkeka. Fomu ikarudi drooni bila samahani.

Tunatishwa eti mashine zitatunyang'anya kazi. Afisa huyu ya kwake kaikabidhi mwenyewe, na kalamu juu.