Maua ya Bwana Tope

Anena alizaliwa katika kota za polisi, mahali ambapo watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara na wa Kiteso waligombana kwa Kiswahili kwa sababu hawakuwa na matusi mengine ya pamoja. Alipokuwa mwalimu, na baadaye akaanza kuwaandikia watoto hadithi, hakujiuliza aandike kwa lugha gani. Wengine walijiuliza kwa niaba yake. Katika Kampala ya miaka ile ya utawala wa kijeshi Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya "toka nje" na "lala chini." Wazazi walivishika vitabu vyake kwa ncha za vidole, wakavirudisha.

"Nyabo, hii lugha inabisha milango yetu," mama mmoja alimwambia pale sokoni Owino. "Sasa unataka niiingize ndani mimi mwenyewe, nimpe mtoto alale nayo?"

Anena alikirudisha kitabu kwenye rundo. Mume wake, Inspekta Otim, aliitwa kwa lugha hiyo hiyo, tena kwa adabu: "Afande, njoo kidogo." Akaingizwa kwenye buti la gari mchana kweupe, na hakuonekana tena. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Ndugu wa mume walisema mke ndiye aliyemchongea, maana mjane hakosi kosa. Mkuu wa shule alimwambia kwamba mwalimu mwenye jina la kaskazini anawaletea wenzake balaa, afadhali akae nyumbani. Anena alimpeleka binti yake, Amito, kwa bibi yake kule Kitgum, akabaki peke yake katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, Bugolobi, dirisha likitazama mafunjo ya bondeni.

Mafunjo yale ndiyo yaliyomtunzia akili. Chini yake aliuona mji ambao nyumba zake zilijengwa kwa povu, na watoto walipanda samaki kamongo kama baiskeli. Alimwona Kere, msichana aliyeweza kupumua ndani ya matope. Na alimwona Bwana Tope, zimwi nene lisilo na shingo, lililokula viatu vya wapitao. Aliyeliwa viatu alisahau njia ya kwao.

Vitabu vyenyewe vilikuwa kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Aliviandika na kuvichora kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo walimu huandikia mitihani. Kalamu ya chuma hukwangua nta, na palipokwanguliwa ndipo wino hupita. Hakuna kujaribu, mstari ukishachorwa umechorwa. Na kuna kitu kimoja ambacho stensili haikikubali, nacho ni weusi mpana. Ukikwangua eneo kubwa ili litoke jeusi tii, karatasi hupasuka na mashine hutapika wino. Kwa hiyo kila kiumbe mkubwa alihitaji kitu cha kumjaza. Mamba alimjaza magamba, kobe akamjaza miraba. Bwana Tope, katika kitabu cha nne, alimjaza maua.

Mpiga chapa wake alikuwa Kakule, Mnande kutoka Butembo, Kongo, mwenye duka dogo Wandegeya na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Yeye aligonga muhuri wa duka lake kwenye ukurasa wa mwisho wa kila alichokitoa. Jina la Anena halikuwamo kitabuni, aliandika tu "Shangazi." Siku aliyompelekea stensili ya maua, Kakule aliiinua kwenye mwanga, akaitazama sana, akacheka kwa pua.

"Mwalimu, weye una roho ngumu," akasema, akaanza kuzungusha.

Anena alidhani anasifiwa kwa uvumilivu.

Kitabu kile kilinunuliwa kuliko vyote. Séraphine, aliyemuuzia vitabu pale Owino kando ya vitenge vyake, aliomba vingine kabla juma halijaisha. Wanunuzi walikuwa watu wazima, hata yule mama wa milango. Walikunja kitabu wakakitia kifuani, wakaondoka wakiuma midomo wasicheke. Anena alifurahi, akifikiri Kere amewavutia hatimaye.

Kila mtu mjini alijua ni akina nani wanaovaa mashati ya maua, miwani myeusi na viatu vya soli nene: wale waliowatia watu kwenye buti za magari. Yeye pia alijua. Hakuyaweka maua ya Bwana Tope na mashati hayo pamoja mpaka Bibiane, mke wa Kakule, aliposimama mlangoni pake bila kubisha hodi.

"Balimukamata," Bibiane alisema. "Bakaona muhuri. Banamuuliza nani alichora, anakataa kukutaja. Maua yako inamukula bwana yangu, nawe umekaa hapa unakunywa chai."

"Mama, sikujua—"

"Basi sasa unajua. Shuka."

Hakuhitaji kuambiwa ashuke kwa nani. Ghorofa ya chini aliishi Abudu, mmoja wa hao wavaa mashati ya maua, mtu wa ofisi isiyotajwa, ambaye jengo zima lilimsalimu kwanza. Anena angeweza kubaki juu. Kakule alikuwa amefunga mdomo, na jina la Anena halikujulikana. Alichukua stensili tupu na kalamu ya chuma, akashuka.

Abudu alikuwa anakula. Binti yake mdogo alikaa sakafuni na kitabu chenyewe, kimechakaa kwa kusomwa.

"Afande," Anena alisema, "Kakule wa Wandegeya hana kosa. Mimi ndiye niliyechora hicho."

Abudu alitafuna, akameza. "Wewe? Mke wa Otim?"

"Mimi, afande."

"Kumbe unakaa huko juu unanichungulia, unachora shati yangu."

"Si shati, afande. Ni karatasi."

"Unaona mimi mjinga?" Alisukuma sahani. "Ofisini wananiita Bwana Tope. Hata dereva ananiita! Na huyu," akamwonyesha binti yake kwa kidole, "huyu jana ameniuliza: baba, viatu ya watu unapeleka wapi?"

Mtoto aliinua macho akisubiri jibu, kana kwamba bado angependa kulijua.

Anena alipiga magoti, akatandika stensili sakafuni. Akampa Abudu kalamu. "Jaza hapa, afande. Fanya iwe nyeusi yote."

Abudu alikwangua. Nta ikaliwa, karatasi ikapasuka. Akasogea pembeni, akakwangua taratibu zaidi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikapasuka tena. Anena akamwonyesha jinsi ua moja linavyoacha nta kati ya mistari, na karatasi ikabaki nzima.

Abudu akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe karatasi tu! Kumbe hukuwa na mimi kichwani!"

"Sikuwa na wewe, afande."

Alilisema haraka. Na mara alipolisema akakumbuka shati moja la maua mekundu lililoning'inia kwenye kamba chini ya dirisha lake juma lote alipokuwa akichora kitabu kile, likidondosha maji. Alilifukuza wazo hilo.

"Mkongo wako atatoka," Abudu alisema akifuta macho. "Lakini vitabu vyote uvilete hapa uani. Utavichoma na mkono yako. Na utawaambia hawa watu, kwa sauti, hayo maua ni ya nini. Nataka wote wasikie. Na usichore tena."

Séraphine alileta gunia la vitabu mwenyewe, akalitupa miguuni pa Anena. "Nilificha viwili vya watoto wangu. Vimo humo pia. Sitaki kitu chako kwangu."

Basi Anena alichoma. Majirani walijipanga kwenye veranda za kila ghorofa, na Abudu akaketi kitini akiwa amevaa shati lake. Wakati wino wa kwanza ulipoanza kunuka, Anena aliinua sauti ya darasani na kueleza habari za nta, kwamba maua yalikuwa ya kujazia tu, ya kuzuia karatasi isipasuke. Kisha mke wa sajini mmoja alisema kutoka juu, polepole, kila mtu asikie:

"Na sisi tulidhani humu kuna mwanamke."

Mwingine akatema mate, yakaanguka karibu na moto. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwitikia salamu ngazini, isipokuwa Abudu.

Kakule alitoka. Hakuja Bugolobi, kwa hiyo Anena alimwendea Wandegeya. Alimkuta dukani kati ya marobota; walikuwa wanarudi Butembo. Mkono wake wa kulia, wa kuzungushia mashine, ulikuwa umefungwa kitambaa na kuvimba kama mkate. Bibiane alikunja mashuka wala hakugeuka.

"Mwalimu, batu banasema ulisema maua ilikuwa ya kujazia."

"Nilisema."

"Kule ndani walikuwa wanataka jina." Alizungumza bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kila walipouliza, nilijiambia: Kakule, kuna mwanamke moja katika hii Kampala aliwachora vile wako. Usimutoe. Ndiyo kitu nilishika. Sasa uniambie mbele ya Mungu. Nilikula fimbo juu ya karatasi?"

Bibiane aliacha kukunja. Mlango ulikuwa wazi. Wanafunzi walipita wakila chapati, na ng'ambo ya barabara polisi wawili waliegemea ukuta, wakitazama wapitao. Jibu la kweli alikuwa nalo, amelitoa mbele ya jengo zima. Lakini alipolitafuta sasa halikumjia. Lilikuja lile shati kwenye kamba, na mkono wake siku ile ya kuchora, ulivyokwenda wenyewe bila kuuliza.

"Hapana," alisema, na hakushusha sauti. "Niliwachora wao. Nililiona shati lao, nikalichora. Kwa Abudu nilidanganya ili utoke."

Kakule alimtazama usoni mpaka Anena akataka kugeuka. Kisha akaulaza ule mkono wake juu ya goti, kwa uangalifu.

"Bibiane," akasema, "mupe mwalimu kiti."

Bibiane alisita. Halafu akaondoa robota lililokuwa juu ya kiti, akakisukuma mbele kwa mguu, bila kumtazama.