Marehemu Kwenye Sinema ya Makoti

Kwenye mitumba mimi ni daktari bingwa. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini nifumbe macho, niweke mbele ya rundo la nguo, nitakutolea hariri kwa kidole kimoja. Ndiyo maana dada yangu mkubwa, fundi cherehani asiyemruhusu mtu kugusa hata mkasi wake, alinipa heshima ya kuwa kiongozi wake siku ile alipotaka gauni.

Gauni lenyewe lilikuwa na kesi. Fundi saa wa mtaani kwetu, mgane mpole anayenong'ona hata akipiga chafya, alikuwa amemposa. Dada hakukubali, hakukataa. Mume wake, yaani shemeji yangu, alitoka asubuhi moja kwenda kununua balbu, amevaa koti lake la kijivu, na taa ya korido inamsubiri mpaka leo. Hakuna maiti, hakuna salamu.

"Siwezi kuwa na waume wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa hewa," dada alisema. "Nijue kwanza. Kama amekufa, nitaolewa. Kama yu hai, aje aniache kwa mdomo wake."

"Na gauni?"

"Gauni naenda kuangalia tu."

"Hata paka akikaa mbele ya maziwa huwa anaangalia tu," nikamwambia. Akanitandika kwa mkoba.

Nikampitisha njia zangu, ambazo watu wa magari makubwa hawazijui. Kuna mtaa wa milango: milango mitupu imeegemezwa ukutani, haina nyumba, na ukipita unajikuta unataka kubisha hodi. Ukimaliza unaingia kwa wauza vioo vya zamani, vioo vilivyoota madoa kama ngozi ya mzee. Nilijitazama kwenye kila kimoja, maana uzuri huu Mungu hakunipa ili ufichwe. Dada alipita kainamisha kichwa.

"Jitazame basi."

"Sitaki. Hivi vimeshazoea sura za wenyewe."

Mwisho tukashuka ngazi hadi jengo lililokuwa sinema. Viti vimeng'olewa, na pale pa viti makoti yametundikwa safu kwa safu, yameelekea ukuta mweupe, mabega tu bila vichwa. Mlango ukifunguliwa yote hutikisika kidogo, kama watazamaji waliosikia mtu amechelewa. Magauni yako nyuma, na njia ya kufika huko ni katikati ya makoti.

Mimi nikakwama kwenye kofia. Ilikuwa kofia nyeusi, nami ndani yake nilikuwa waziri wa jambo fulani. Kwa hiyo yaliyotokea safu ya nne nimehadithiwa na mwenye duka, mama mnene tunayemwita Malkia.

Dada alipita, bega lake likagusana na bega la koti la kijivu. Akasimama. Akatia mkono mfuko wa ndani, akaugeuza nje. Zambarau, vidoadoa vyeupe. Mfuko ule aliushona mwenyewe kwa kipande cha gauni lake, na yeye ni wa mkono wa kushoto, uzi wake hulala kinyume na wa dunia nzima.

"Huyu…" akamwuliza Malkia. "Huyu ni…"

"Huyo marehemu, mama," Malkia akajibu huku anapanga hanga. "Kaja juzijuzi tu."

"Marehemu?"

"Marehemu kabisa. Lakini bado ana nguvu, mshike tu."

Nilipofika na kofia yangu, dada alikuwa amekaa sakafuni, koti mapajani, analia.

"Amekufa," akaniambia. "Shemeji yako amekufa."

Nikapiga magoti. Nami nikaona kitu ambacho hakikunipendeza wala hakikunishangaza: katikati ya kilio kile mabega ya dada yalishuka, kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Jamani, nani kafa?" Malkia akapiga kelele. "Mimi nimesema koti!"

Ikabidi mimi, bingwa, nifafanue. Mle ndani nguo iliyokuja safi huitwa mtoto. Iliyokuja na alama ya mwenyewe, iwe kiraka, jina au kitana mfukoni, huitwa marehemu. Ni lugha yao tu ya kazi.

Dada akafuta uso. "Na mwenye koti?"

"Mwenyewe? Mzima kama chuma! Alikuja kwa miguu yake, tukabadilishana. Akatoka na koti la mvua la kijani, anapiga mluzi."

"Mluzi gani?"

Malkia akaupiga. Kipande kifupi tu, kinapanda halafu kinakata ghafla. Makoti hayakutikisika, lakini mimi nilivua kofia.

"Ndiye," dada akasema. Akatoa mkasi, akafumua mfuko wa zambarau uzi kwa uzi, akautia kwenye mkoba.

"Umeniharibia koti, mama!"

"Nimechukua changu."

Magauni hatukuyafikia. Jioni ile ile alimwambia fundi saa kila kitu. Yule bwana akanong'ona, "Basi tutamtafuta wote."

Sasa tunatoka watatu. Alipokuwa hajulikani alipo, shemeji alikaa kwenye korido yetu tu, chini ya taa yake. Tangu tujue kwamba yu hai amejaa mji mzima. Yuko kwenye dirisha la basi, yuko kwenye kona tunayoikaribia, kila bega la kijani ni lake mpaka ligeuke. Hata mimi, nisiyeogopa kitu ila mama mkwe, nimeshasikia mluzi nyuma yangu na kutembea upesi.

Juzi manyunyu yalituzuia kwenye kibanda cha miavuli. Fundi saa akamfungulia dada mwavuli.

"Umechoka?"

"Sijachoka."

"Basi niangalie mimi kidogo."

"Si nakuangalia," dada akasema kwa upole wa kweli kabisa, na macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la yule bwana, yanafuata kitu barabarani.