Safari ya Kumfuata Ndugu Yangu Aliyekataa Kuitwa Boi

Mama ndiye aliyenitoa Kisumu. Alikuja barazani ninaposhonea nguo, akasimama mbele ya cherehani, akasema, "Okelo, nenda Kericho ukamlete mdogo wako. Amegombana na mzungu wa majani chai, wanasema atafungwa." Nikamuuliza wamegombania nini. "Eti hataki kuitwa boi." Jamani! Wateja wananingoja, mvua zimeanza, nami nifunge safari kwa ajili ya neno moja! Lakini mama ni mama. Nikafunika cherehani, nikaenda stesheni.

Kutoka Kisumu hadi Lumbwa tulibanana behewani kama mahindi guniani. Behewa la mbele lilikuwa la wazungu: bwana mmoja na mbwa wake. Mbwa alikuwa na kiti. Mimi nilisimama, nikamlaani Odhiambo safari nzima. Sote tunaitwa boi. Mbona yeye tu ndiye anayeumwa?

Lumbwa kwenda Kericho nilikwenda kwa mguu. Mvua ikanishika njiani, nikabisha hodi kwa mzee mmoja Mkipsigis, Arap Chumo. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa ya kibuyu, kisha akanionyesha pa kukaa: kule mlangoni, pamoja na ndama.

"Mzee, mimi ni mtu mzima. Nina mke na watoto."

"Umetahiriwa?"

"Sisi Wajaluo hatutahiri. Tunang'oa meno." Nikafungua kinywa, nikamwonyesha pengo la meno sita ya chini.

Akachungulia kwa makini. "Pole sana," akasema. "Lakini hiyo ni kazi ya meno. Wewe bado ni kijana, na kijana anakaa na ndama."

Nilikunywa maziwa yake kwa hasira, nayo yalikuwa matamu, jambo lililonikera zaidi. Nilipomweleza habari za Odhiambo alicheka kwanza, halafu kicheko kikamwisha. Akanyoosha mkono kuelekea shamba la chai lililokuwa ng'ambo ya mto. Pale palikuwa malisho ya baba yake. "Mimi nina wajukuu. Nikipita huko kutafuta ng'ombe, yule kijana wa kizungu ananiita boi." Akanitazama pale mlangoni. "Haya, sogea kwa moto. Kidogo." Nikasogea hicho kidogo.

Jioni nilifika kambi ya vibarua wa chai. Odhiambo nilimkuta anasonga ugali, mzima, mkaidi vilevile. Alisema wamekubaliana wote, Wajaluo na Wakikuyu: mzungu akiita boi, hakuna anayegeuka. "Kazi tunafanya, kaka. Akitaka mtu, amwite jina lake." Msimamizi, mzungu huyo, alikuwa ameapa kwamba asubuhi atamwita Odhiambo mara ya mwisho, asipoitika, askari atampeleka kwa bwana shauri kwa kosa la kukataa amri.

"Basi itika!" nikamfokea. "Ukiitika unapungukiwa nini?"

"Wewe hujapungukiwa?"

Swali gani hilo! Nikamega ugali.

Asubuhi watu walipangwa mbele ya stoo. Mimi nilisimama kando, kofia mkononi, maneno ya kuomba msamaha nimeshayatayarisha. Msimamizi, yule kijana wa kizungu ambaye hata ndevu hazijakolea, akapaza sauti: "Boi!" Kimya. Watu wakatazama vikapu vyao. "Boi!" Hata nyapara, mzee mwenye mvi aliyezoea kuitika kabla hajaitwa, alikohoa tu. Mzungu akawa mwekundu. Akamwendea Odhiambo, akamwekea fimbo kifuani. "Wewe! Jina lako nani?"

"Odhiambo, bwana." Alijibu vizuri kabisa, kwa heshima.

Si ameulizwa? Si amejibu? Lakini mkubwa aliyeaibika hatafuti haki. Askari akamshika, na ule msamaha wangu nikabaki nao, nimesimama kama mjinga. Huko Kericho bwana shauri alimfunga mwezi mmoja kwa kesi fupi kuliko kunawa uso. Wenzake wakaniambia nisihofu, sehemu yake ya kazi wataifanya wao mpaka atoke. Nisihofu! Nani atamwambia mama?

Wakati wa kurudi, pale stesheni ya Lumbwa, karani wa tiketi aliniuliza, "Wewe boi, unakwenda wapi?" Gari lilikuwa linapiga honi, na jibu lilikuwa neno moja tu: Kisumu. Halikutoka. Nikamtazama, akanitazama, gari likaondoka. Nilitembea hadi Muhoroni nikapande gari kule, nikijitukana njia nzima. Hilo ndilo nililojifunza katika safari hii: ugonjwa wa ndugu yangu unaambukiza, na mimi dawa yake siijui.

Mama alinikuta barazani kabla sijavua viatu. "Yuko wapi?"

"Amefungwa, mama. Aliulizwa jina, akalitaja." Nikainama nikingoja matusi.

Hakutukana. "Jina hilo nilimpa mimi," akasema. "Odhiambo, mtoto wa jioni. Nilimzaa jioni, peke yangu, hakuna hata mtu wa kunishika mkono." Akajifunga leso kiunoni, akaniuliza gari la Lumbwa linaondoka saa ngapi.