Oili Chafu kwa Nguzo za Mama

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu mchwa. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, akaolewa kwenye shamba la mzungu mwingine, akamzika mumewe kwenye shamba la tatu, na kila alipohamishwa aliondoka na sufuria kichwani na watoto nyuma yake. Uhuru ulipokuja, mashamba ya Subukia yakagawanywa, naye akapata kipande chake. Wenzake waliuliza maji yako wapi na udongo ukoje. Yeye aliuliza mpaka unapita wapi, kisha akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Ua ule ndio uliokuwa moyo wake. Lakini nguzo zilikuwa za mikaratusi, na mchwa wa Subukia hawana adabu. Walizila kutoka chini, ndani kwa ndani, hata nguzo ikabaki imesimama wima kama nzima, halafu siku moja ng'ombe wa jirani anajikuna mgongo hapo na ua wote unalala chini. Ng'ombe anaingia kwenye mahindi, na jirani anakuja kuomba radhi huku akitazama kwa jicho la pembeni pale mpaka ulipokuwa. Mama hakulilia mahindi. Alililia ule mpaka.

Dawa ya mchwa kila mtu aliijua: oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Unachimbua udongo shinani, unapaka, unafukia. Siku hizo oili chafu ilitafutwa kama chumvi. Mwenye gari, hata gari bovu, hakukosa marafiki.

Sisi tulipata lori miaka ya sabini ilipofika katikati. Mume wangu alikuwa dereva tangu ujana wake, akiendesha lori la shamba la mahindi, na ndoto yake ilikuwa kukaa nyuma ya usukani ulio wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijua kuendesha. Tuliuza ng'ombe, na wengi wa ng'ombe hao nilikuwa nimewalea mimi mwenyewe tangu wakiwa ndama. Kwa hiyo lori lilipoingia nyumbani likiwa limejaa vumbi, watu wote wakishangilia, mimi nilisimama pembeni nikijua kwamba ng'ombe wangu wako ndani ya ile injini. Likifa, wamekufa.

Lilikuwa limetumika tayari, tena lilikuwa na turbo. Neno hilo bondeni kwetu lilikuwa geni. Mume wangu alilitamka kama cheo. Lori lilipopanda ule mlima wa kutoka Subukia kwenda Bahati, likiwa na madebe ya maziwa na magunia juu yake, lilipiga mluzi mwembamba ambao watu waliusikia kutoka mashambani, na wanawake wakasema, "Huyo anapita." Alikuwa akipita kweli, kifua mbele.

Fundi wetu alikuwa Kalasinga mmoja wa Nakuru, mtu mzima mwenye kilemba, ndevu nyeupe na sauti kubwa, ambaye alikaa mtaa wa Section 58 na gereji yake ilikuwa mjini chini. Siku ya kwanza nilipanda lori niende naye, kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu mwenyewe. Fundi alifungua boneti akatuonyesha kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono ubavuni mwa injini.

"Hii ndiyo turbo," alisema. "Moshi inatoka, inazungusha hii. Hii nayo inasukuma hewa ndani, na lori inapata nguvu. Sasa sikia, bwana. Hapa katikati iko kipini, inazunguka mbio kabisa, na moto iko mingi. Hakuna kitu inashikilia hiyo kipini, ni oili tu. Oili ikichoka, kipini inakula chuma. Turbo inakufa, halafu vipande inaingia kwa injini, na injini pia inakufa."

"Nibadilishe oili lini?" mume wangu aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jibu lake.

"Lori bila turbo inaenda maili elfu tano na oili moja? Hii, nusu yake. Na hiyo njia yenu ya vumbi na mlima, usingoje hata hiyo nusu. Mita yako ya maili imekufa, basi hesabu mwezi. Kila mwezi mwaga yote, weka mpya, na filta mpya. Na ukipanda mlima usizime injini palepale. Wacha ingurume kidogo, turbo ipoe."

Katika maagizo hayo mawili, mume wangu alifuata moja. Lile la kuacha injini ingurume alilipenda sana, kwani lilimpa nafasi ya kusimama dukani, mlango wazi, akisalimiana na watu huku wakilisikia lori lake. La kumwaga oili alilikataa kabisa. Alisema mafundi wote hupenda kuona mtu akirudi. Alichomoa kijiti cha kupimia, akachukua tone la oili katikati ya vidole viwili, akasugua.

"Si bado inateleza?" aliniambia. "Oili haizeeki, mama. Inapungua tu. Ikipungua, unaongeza."

Ndivyo walivyofanya kwenye lile lori la shamba, na lile lori lilidumu. Nilimwambia lile halikuwa na turbo. Akasema injini ni injini. Hapo nilikasirika, na nikikasirika huwa sitafuti maneno.

"Wewe ungeweza kunywa maziwa yaliyomwagwa juu ya ya jana, na ya juzi, kwenye kibuyu kisichooshwa?"

"Lori halina tumbo," akanijibu.

Nikamwambia lina tumbo kuliko yeye, maana limemeza ng'ombe wangu wote. Hatukusemezana mpaka Jumapili.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu guu lingebaki zima, ila injini ndiyo ingevunjika, na hilo lilinikosesha raha. Kulikuwa na mtu wa upande wa Elmenteita ambaye alikuwa na lori la namna hiyohiyo, akibeba ule udongo mweupe wa Kariandusi. Vumbi la udongo ule ni laini kama unga, na linaingia kila mahali. Yeye naye alikuwa mtu wa kuongeza. Siku moja mluzi wa lori lake uligeuka kilio, moshi wa buluu ukafunika barabara, na likafia hapohapo. Mara ya mwisho nililiona limekuwa nyumba ya kuku. Mume wangu alipolipita alisema yule bwana hakujua kubadilisha gia.

Basi siku moja nilikwenda kwa mama mkwe kumsaidia kupura maharagwe, nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kulalamika tu, kama mke yeyote anavyomlalamikia mama wa mtu. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza, aliuliza swali moja.

"Na hiyo oili ikimwagwa, huenda wapi?"

"Hubaki kwa fundi, mama. Ama hutupwa."

Akaendelea kupura. Nilidhani hakunisikia vizuri, au kwamba ameamua kuwa upande wa mwanawe, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira za watu wawili.

Jumamosi iliyofuata, mume wangu akiwa anaosha lori uani, tulimwona mama akija na debe tupu mkononi. Alilitua chini mbele ya gurudumu.

"Nguzo zangu zinaliwa," alisema. "Nimekuja kuchukua oili chafu."

"Mama, sina. Ile niliyo nayo bado iko ndani ya injini."

"Basi itoe."

"Lakini bado ni nzuri!"

"Mimi sina haja na uzuri wake. Mchwa hawatauliza."

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama kuku. Lazima mwelewe kwamba yule mama hakuwahi kumwomba mtoto wake kitu. Tulimpelekea sukari, akasema anayo. Tulimpelekea blanketi, akampa jirani. Mtu aliyehamishwa mara nyingi hivyo hujizoeza kutohitaji kitu cha mtu. Sasa amesimama hapo, debe chini, ameomba. Mume wangu akaenda kutafuta spana.

Oili ilitoka nyeusi na nzito. Jumatatu fundi alikuja nyumbani akatia mpya na filta mpya, na mume wangu aliporudi safari aliniambia kwamba lori limekuwa jepesi mlimani. Nilisema, "Kumbe?" Sikuongeza hata neno moja, na hilo kwangu lilikuwa kazi kubwa.

Mwezi uliofuata mama akaja tena na debe lake, Jumamosi ya kabla ya Meza ya Bwana, ambayo kanisani kwetu ilikuwa mara moja kwa mwezi. Mwezi wa tatu vilevile. Alisema zile nguzo za upande wa mto bado. Kisha zile za upande wa barabara. Zilipokwisha zote akasema mvua imeziosha. Wakati wa kiangazi alisema jua limezikausha. Mume wangu akamwambia sasa atumie kidogo kidogo, mama akamjibu kwamba yeye ndiye mwenye nguzo. Ikawa kawaida. Jumamosi hiyo lori halikupokea mzigo wa mtu. Mume wangu alilala chini yake, akamwaga oili, akambebea mama debe mpaka kwake, akanywa chai huko, akarudi jioni amechafuka mikono na ametulia moyo kuliko nilivyomwona siku nyingine.

Ua wa mama ukawa mweusi hata mbuzi wakaukwepa. Hakuna nguzo iliyoanguka tena. Na lori lilipanda mlima mwaka baada ya mwaka, likipiga mluzi wake uleule, huku malori mengine yaliyokuja baada yake yakikokotwa. Watu walimwuliza mume wangu siri, naye akawaambia, "Lori ni kulitunza." Nilimwacha ajisifu. Mimi na mama hatukuwahi kulizungumza jambo lile hata mara moja, lakini siku moja alipokuwa akiondoka nyuma ya mwanawe na debe aliniangalia kwa ukali kidogo, kama mtu anayemzuia mwenzake asicheke kanisani. Nilimpenda sana siku ile. Nampenda mpaka leo.

Alifariki wakati wa baridi, baada ya kuugua siku chache tu. Tulimzika katika ardhi yake, ndani ya ua wake, na hakuna aliyeuliza mpaka unapita wapi.

Mazishi yalipokwisha na wageni kuondoka, wasiwasi wangu wa zamani ulirudi, na nikaona haya kwamba umerudi. Mtu unaomboleza, na huku unafikiria oili. Lakini nilifikiria. Sasa nani atakuja na debe? Jumamosi ya kabla ya Meza ya Bwana ilipokaribia nilianza kupanga maneno yangu upya, yale ya kibuyu na maziwa, nikitafuta namna ya kuyasema bila kugombana na mtu aliyefiwa.

Jumamosi asubuhi mume wangu aliliacha lori lingurume kidogo uani, akalizima, akatandika gunia, akalala chini yake. Nilitoka jikoni nikasimama. Oili ilitiririka kwenye debe. Lilikuwa ni lile debe la mama. Alikuwa amekwenda kulichukua mwenyewe bila kuniambia.

"Leo hakuna aliyeomba," nilisema.

Alitoka chini ya lori akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Ulidhani sikujua?" aliniuliza. "Nguzo gani inataka oili kila mwezi? Hata mchwa wenyewe walikuwa wanacheka."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu aliposema jua limezikausha."

"Na hukusema kitu miaka yote hiyo?"

"Ningesema, angeacha kuja," alisema. "Angeacha kuniomba."

Nilikuwa nimejiona mjanja miaka yote ile, kwamba mimi na mama tumemzunguka, na kumbe kila mwezi yeye alikuwa akijilaza chini ya lori kwa hiari yake, ili mama yake apate kitu cha kumwomba. Nililia hapo uani, nilivyokuwa sijalia hata siku ya mazishi.

Tulibeba debe pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, tukapita kaburini tukaenda kwenye ua. Brashi ya mama, ile ya katani aliyojitengenezea, ilikuwa imening'inizwa kwenye waya katikati ya nguzo mbili. Nguzo za upande mmoja wa brashi zilikuwa bado zinang'aa kwa oili ya mwezi uliopita. Za upande wa pili zilikuwa kavu. Hapo ndipo alipokuwa amefika kabla ya kuugua.

Mume wangu aliitoa brashi kwenye waya, akapiga magoti, akachimbua udongo shinani mwa nguzo ya kwanza iliyokuwa kavu, akaanzia hapo.